Nani Alimpokea Yuda

"Hivi shoga, Yuda alipozaliwa, nani alimpokea?"

Aliyeuliza alikuwa Bining, jirani yake Honorata, siku moja ya Kwaresima, wamekaa barazani wanafunga wali wa kunata kwenye majani ya mgomba. Bining alikuwa na maswali ambayo hata Padre aliyakimbia. Honorata hakuinua macho. Alikaza fundo, akasema, "Shetani ndiye aliyempokea. Nani mwingine?"

Juu ya paa Mzee Melecio, aliyekuwa akiziba mahali panapovuja, akaangua kicheko. "Wapi! Mkunga aliponiona sura alitoka mbio, mama Bining. Kitovu nilijikata mwenyewe."

Wakacheka wote watatu mpaka Bining akamwaga tui. Kwa maana Melecio ndiye aliyekuwa Yuda wa kijiji cha Sapang Duyan, na mzaha wa Yuda ulikuwa kama chumvi mezani, kila mtu alijichotea.

Honorata anakikumbuka kicheko kile kuliko anavyoikumbuka harusi yake. Siku hizi Yuda wa Sapang Duyan ni wa majani ya mpunga, amevishwa suruali kuukuu, na watoto humchoma moto. Kanzu ya njano aliyoivaa Melecio imelala sandukuni kwa Honorata, chini ya sanda aliyojiwekea. Hakuna aliyekuja kuiomba, na yeye hajaitoa.

Kwao, mchezo wa Mateso ya Bwana haukuwa mchezo. Ulikuwa nadhiri. Kila Ijumaa Kuu watu waliingia jukwaani mbele ya kigango kuimba beti za wazee, na kila nafasi ilirithiwa kama shamba. Engracio alikuwa Bwana Yesu kwa sababu baba yake alikuwa Bwana Yesu. Akina Maria watatu walikuwa wa ukoo mmoja. Hata askari aliyemchoma Bwana ubavuni alikuwa mjukuu wa askari. Nafasi ya Yuda peke yake haikuwa na mrithi, maana nani atamwachia mwanawe urithi huo? Kwa hiyo waliipigia kura. Kabla makuti yaliyobarikiwa mwaka uliopita hayajachomwa kuwa majivu ya Kwaresima, wanaume walichomoa jani moja moja kutoka kwenye kikapu. Aliyetoa jani lenye fundo, huyo ndiye Yuda wa mwaka ule.

Mwaka ambao Honorata alikuwa na mimba ya Milay, jani lenye fundo lilitoka mkononi mwa mumewe, Florentino, ambaye ndiye aliyekuwa akiusimamia mchezo.

Wazee wa kijiji wanajua: mwanamume mwenye mke mjamzito akiwa Yuda, akitiwa kamba shingoni pale kwenye mti, mtoto huzaliwa kitovu kimemzonga shingo. Florentino alisema ni ushirikina. Honorata hakubishana naye. Alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa Melecio, rafiki wa mumewe tangu utotoni, akapiga magoti matopeni mbele ya zizi la nyati wake wa kulimia na kulia.

"Inuka, shemeji, utamtisha nyati," Melecio alimwambia. "Mimi sina mke wala mtoto. Yuda akija kwangu atamdhuru nani? Mwaka huu tu, basi."

Milay alizaliwa mzima, analia kama jogoo. Mwaka uliofuata kikapu cha makuti kilipoletwa, wanaume walitazamana. Mmoja akasema, "Ya nini kura, wakati Melecio yupo na kanzu inamkaa?" Wakacheka, yakaisha. Melecio alikuwa na mchumba ng'ambo ya mto. Wazazi wa binti wakauliza habari zake, wakaambiwa, "Melecio? Yule Yuda?" Posa ikarudishwa. Hakuposa tena.

Honorata aliyajua yote haya. Aliyajua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani, ila hii hakuipita. Kila mwaka aliifua kanzu ya njano, akaitia viraka, na kila mwaka alijiambia kwamba Melecio ameipenda mwenyewe, maana angekuwa haipendi si angesema?

Na kwa kweli aliicheza vizuri. Alimfanya Yuda awe mlafi, akijikuna, akianguka kwenye ngazi, akiutikisa mfuko wake wa vipande vya fedha sikioni kama mtu anayesikiliza nazi kama ina maji. Watu walikuja kutoka vijiji vingine kumcheka. Watoto walimtupia maganda ya ndizi, naye aliwakimbiza mpaka mashambani. Wakati wa Krismasi, ndipo ungeona. Krismasi watoto wote wa Sapang Duyan huzunguka kwa wazazi wao wa ubatizo, wakaushika mkono wa mzee na kuuweka kwenye paji la uso, wapate baraka na peremende. Wanaume wa rika la Melecio walichoka kunyoosha mikono siku hiyo. Yeye hakuwa na mtoto wa ubatizo hata mmoja. Nani atampa Yuda mtoto amshike kwenye kisima cha ubatizo? Lakini kila mwaka alinunua peremende akaziweka kwenye bakuli karibu na mlango, na mwezi wa kwanza mzima ungemwona shambani anatafuna peremende nyuma ya nyati wake.

Ndipo ikaja tufani ile iliyobeba daraja.

Florentino alikuwa amekwisha kufa. Milay alikuwa ameolewa na baharia, na mumewe yuko kwenye meli za mbali. Uchungu wa uzazi ulimshika Milay asubuhi, maji yamefika magotini, njia ya zahanati haionekani. Honorata alisimama mlangoni na rozari mkononi, akiita majina ya watakatifu. Aliyetokea si mtakatifu. Alikuwa Melecio, amefunga sleji, kile kitoroli kisicho na magurudumu cha kubebea mpunga, nyuma ya nyati, ametandika godoro lake mwenyewe juu yake.

"Panda, mwanangu. Shika pembeni. Ukiumwa nitukane, nyati ndiye asiyependa kutukanwa, mimi nimezoea."

Alitembea mbele ya nyati, maji kifuani, sleji ikielea nyuma, akipima njia kwa mti. Walifika. Mtoto wa kiume akazaliwa. Na huko njiani, kati ya uchungu na uchungu, Milay alikuwa ameushika mkono wa Melecio akamwambia, "Mzee, huyu wewe ndiye baba yake wa ubatizo. Umenisikia?" Wanasema Melecio alimjibu kwa kumwambia nyati atembee. Lakini alisikia.

Ubatizo ukapangwa Jumapili ya Pasaka. Juma Kuu lilipokaribia, Honorata akamwambia binti yake kwamba amezungumza na Engracio.

"Umezungumza naye nini?" Milay aliuliza. Alikuwa akimnyonyesha mtoto.

"Atasimama na mtoto. Ni mtu wa heshima, ni mtu wa sala."

"Mtoto ana baba wa ubatizo, mama."

"Mwanangu, mkono uliomsaliti Bwana ndio umshike mjukuu wangu mbele ya altare? Siku ya Pasaka?"

"Mama! Ule ni mchezo!"

"Nadhiri si mchezo. Watu watasema."

"Waache waseme. Wakati wa mafuriko, Engracio alikuwa wapi? Alikuwa darini kwake analinda redio."

Jumatano ya Juma Kuu Honorata akachukua kanzu ya njano, akafunga wali wa kunata kwenye kitambaa, akaenda kwa Melecio.

Alimkuta amefurahi. Ukutani palining'inia shati jipya jeupe, lile refu la kuvaliwa kwenye sherehe, na mezani palikuwa na mshumaa wa ubatizo, ameupamba mwenyewe kwa utepe wa buluu. Pambo lilikaa upande kama kofia ya mlevi.

Honorata akampimia kanzu, sindano mdomoni. "Simama hivyo hivyo, shemeji, nisije nikakuchoma."

"Choma tu. Yuda hana damu."

"Shemeji, habari ya ubatizo." Alikuwa amepiga magoti akishona pindo, kwa hiyo hakulazimika kumtazama. "Engracio ndiye atakayemshika mtoto."

Miguu iliyokuwa mbele yake ikatulia. "Milay amesema hivyo?"

"Mimi ndiye niliyesema. Ni mtoto wake wa kwanza. Watu watasema."

"Watu gani?"

"Watu, shemeji."

"Mimi nawajua watu wote wa hapa, mpaka wajukuu zao. Ni nani hasa?"

Sindano ikamchoma Honorata kidole. Alikinyonya. Juu yake Melecio alipumua kama mtu anayetua mzigo ambao bado hajafika nao.

"Basi mwambie Milay ni mimi niliyekataa," alisema. "Mwambie nimeona haya, mtu wa matopeni kama mimi sijui kusimama na Padre. Usigombane na mwanao kwa ajili yangu. Mumewe yuko baharini, ana wewe tu."

"Huo utakuwa uongo."

"Uongo ni wangu. Wewe utakuwa umetumwa tu." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ila sikiliza, shemeji. Tangu siku ile uliponijia unalia, sijakuomba kitu. Sasa nakuomba kimoja. Kabla sijafa, siku moja, useme mbele ya watu kanzu hii ilinifikaje. Usiniambie mimi, mimi najua. Waambie wao."

"Nitasema."

"Lini?"

"Nitasema, shemeji."

Akaukata uzi kwa meno. Akamwachia ule wali mezani, karibu na mshumaa, na Melecio akamshukuru. Akiwa njiani ndipo Honorata alipokumbuka kwamba hata aliyemsaliti Bwana alianza na salamu nzuri. Alifanya ishara ya msalaba akaongeza mwendo.

Milay alipoambiwa, uso ulimshuka. "Amekataa? Mwenyewe?"

"Ameona haya."

"Na mimi nilimshika mkono." Akamgeuza mtoto bega la pili. "Basi. Kama hamtaki mwanangu, hatutambembeleza."

Honorata aliona jinsi hasira ya binti yake ilivyogeuka ikamwendea mtu asiye na kosa. Angeweza kuisimamisha kwa neno moja. Akaenda kuchambua mchele.

Alhamisi Kuu Padre aliwaosha miguu wale Mitume kumi na wawili wa mchezo. Padre alikuwa kijana, amehamia karibuni, na bado alikuwa na mazoea ya kusema anachofikiri. Alipofika kwa Melecio, wa mwisho kwenye benchi kama kila mwaka, watu walianza kuchekacheka. Padre akainua kichwa, kitambaa mkononi.

"Mnacheka nini?" aliuliza. "Usiku ule Bwana aliosha miguu ya wote. Hata ile ya Yuda yenye matope aliishika, akaisugua, akiwa anajua. Nyinyi mngemruka?"

Honorata, kiongozi wa akina mama wa rozari, kwenye benchi la mbele, alihisi kama ameitwa jina. Akaahidi moyoni kwamba atasema. Kesho, baada ya mchezo. Katekisimu alifundishwa akiwa shule ya msingi, na hakusahau kwamba kuna dhambi ya kutenda na kuna dhambi ya kuacha kutenda. Lakini dhambi ya pili haina sauti, na mtu aweza kulala nayo miaka akidhani ni mto.

Ijumaa, mchezo ulikuwa baridi. Yuda hakujikuna, hakuanguka kwenye ngazi. Aliimba beti zake kama zilivyoandikwa, na watu wakagundua, wengi wao kwa mara ya kwanza, kwamba zilikuwa beti za kuhuzunisha. Alipoutupa mfuko wa fedha, hakuukimbilia tena kama kila mwaka. Alikwenda moja kwa moja kwenye mti, akaitia kamba shingoni, akakaa kimya mpaka pazia likafungwa. Hapo ndipo beti zake zinapokwisha. Mtunzi wa zamani hakumwandikia lingine, akarudi kwa Petro, ambaye alimkana Bwana, akalia, akasamehewa na kupewa funguo. Watoto walibaki na maganda ya ndizi mikononi.

"Yuda wa mwaka huu hana chumvi," mtu mmoja alisema.

"Amezeeka," mwingine akajibu. "Tumtafute mwingine."

Bining, aliyekaa karibu na Honorata, alikuwa akifuta macho. "Shoga, mimi leo sijui nimepatwa na nini. Huyu mtu namlilia."

Milay aliugeuza uso. Honorata hakusema siku hiyo.

Jumapili ya Pasaka, wakati wanamvisha mtoto nguo nyeupe, Bining akaingia na kitu kimefungwa gazetini. "Mzee Melecio amenipa. Anasema msije mkanunua mwingine, huu usiharibike bure."

Milay akafungua. Akautazama ule mshumaa, ule utepe wa buluu uliokaa upande.

"Mama," alisema, "mtu anayekataa hupamba mshumaa?"

Bining aliaga kwa kurudi kinyumenyume. Honorata akakaa kwenye kitanda na kumwambia binti yake yote: jani lenye fundo, magoti matopeni, kanzu, posa iliyorudishwa, na ule uongo. Alimwambia hata ombi la Melecio. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani maisha yake yote.

Milay hakupiga kelele. "Kwa hiyo ile kamba ilikuwa ya baba," alisema. "Na shingo ilikuwa yangu." Akamtilia mama yake mshumaa mkononi. "Utampelekea mwenyewe. Kanisani. Na utasema."

Kigango kilijaa mpaka nje. Padre alipofika kwenye kisima cha ubatizo akaita wazazi na baba wa ubatizo, Engracio alisimama, shati limepigwa pasi, nywele zile ndefu za Bwana zimechanwa. Honorata naye akasimama.

"Padre, naomba usubiri. Si yeye."

Engracio akabaki na mguu mmoja mbele. Honorata akapita katikati ya mabenchi, mshumaa mkononi, mpaka benchi la mwisho karibu na mlango, mahali Melecio alipokaa siku zote. Alikuwa amevaa lile shati jipya. Alimwona akija, akasimama.

"Shemeji," Honorata alisema, "njoo umshike mtoto."

Melecio akaupokea mshumaa. Sauti ikatoka upande wa wanaume: "Jamani, hata Yuda kafufuka!" Kigango kizima kikacheka. Padre aliinua mkono kuwanyamazisha.

Melecio, ambaye alikuwa akicheka mizaha yote, huu hakuucheka. Alimtazama Honorata peke yake. "Kwa nini, shemeji?" aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka mbele. "Kwa nini mimi?"

Alikuwa amemfungulia mlango na kuushikilia. Honorata alijua. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga njia nzima: kura ilimwangukia mume wangu, huyu akaichukua kwa sababu nilimlilia, na mimi nikamlipa kwa kunyamaza. Hata mtoto wa Komunyo ya Kwanza angeyasema. Akageuza kichwa. Aliwaona akina mama wa rozari na vitambaa vyao, wale waliokuwa wakimletea ugomvi wa nyumba zao awaamue. Alimwona mke wa Engracio akijipepea. Aliwaona wakisubiri kumjua.

"Kwa sababu Milay anakutaka," alisema.

Melecio akangoja. Alingoja kwa upole, kama mtu anayemngojea mwenzake amalize kukohoa. Kule mbele Milay alikuwa amemkumbatia mtoto, anamtazama mama yake.

"Ni hilo tu?"

Midomo ya Honorata ilifunguka. "Ni hilo tu, shemeji."

Melecio alitazama mbele, kwa mtoto, akamtazama vizuri, kama mtu anayetaka kumkumbuka. Kisha akauweka mshumaa kwenye viganja vya Honorata, akavifunga vidole vyake juu yake, kimoja baada ya kingine, asije akauangusha. Akaichukua kofia yake kwenye benchi, akapita kati ya watu waliosimama mlangoni, akatoka.